Hatua Tisa za Bi Sabiha

Asubuhi ile Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulitulia kama maji mtungini. Chumbani kwa Bi Sabiha pazia lilipanda na kushuka, udi ukafuka, na mwanga ukatambaa ukutani kama mtu asiye na safari.

Haidar, mwanafunzi wa tiba ya viungo, hakuyaona hayo. Alikuja na daftari la mazoezi kumi na mawili, kifua mbele kama jogoo anayeamini jua huchomoza kwa sababu yeye amewika. Bi Sabiha alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Tangu aanguke, wiki tatu zilizopita, hakuwa amesimama. Mfupa ulikuwa mzima, ila magoti yalianza kukakamaa. Asiposimama wiki hii, alionya Najma, mwalimu wa Haidar, huenda asisimame tena.

"Shikamoo, Bibi. Haya, tusimame."

"Marahaba, Raya. Mbona umechelewa? Wenzio wamekwishapanga mstari."

"Mimi si Raya, Bibi. Mimi Haidar. Nina ndevu."

Bibi akazitazama, pengine akazihesabu, maana zilihesabika. "Hata hizo si kisingizio," akasema.

Binti yake, Bi Ashatu, akacheka mlangoni. "Raya alikuwa mwenzake wa lelemama, ile ngoma ya wanawake. Marehemu siku nyingi."

Haidar, mpenda ukweli, akaurusha ukweli wake kama jiwe. "Bibi, Raya alikwishafariki."

Bi Sabiha akalia kana kwamba msiba umetokea dakika ile, na kwake ulitokea dakika ile. Akageukia ukuta. Siku ikapotea.

Barazani mwalimu Najma akamuuliza, "Umeshinda ubishi. Bibi amesimama?"

"Hapana, mwalimu."

"Mwenzio yuko ngomani. Wewe umebaki mlangoni unamdai tarehe."

Kesho yake Haidar hakulifungua daftari. Alipoitwa Raya, akaitika.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilikuwa natafuta kanga."

"Tangu jana?"

"Nilisinzia."

"Mvivu wewe! Jifunge, ukae kushoto kwangu."

Bi Ashatu akamfunga kanga kiunoni, akiuma midomo asicheke, kisha akaanza kuimba chinichini. Lelemama haina pupa: uzito huhamia mguu huu, halafu huu, mabega yakifuata taratibu. Lilikuwa zoezi la nne la daftarini, ila hili lilikuwa na wimbo. Bi Sabiha akanyoosha mkono. Haidar akaupokea, mkono wake mwingine ukimkinga mgongoni. Mwili ukainuka polepole kama moshi wa udi. Kushoto. Kulia. Chumba kikawa kama kimepanuka, kikajaa wanawake wasioonekana, waliovaa sare, waliomngoja miaka yote hiyo.

"Raya."

"Abee, mwenzangu."

"Leo unacheza kama mwanamume."

"Basi nifundishe."

Akamfundisha, hatua tisa, hadi dirishani. Hapo akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akitabasamia mstari aliouona yeye peke yake. Na Haidar, aliyefika na macho mawili makali, akajua walichokijua wahenga: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.