Kasuku Aliyeogopa Kumekucha

Hapo zamani za kale, wajukuu wangu, enzi hizo wanyama wana milango ya kufunga na vyungu vya kupikia, Bwana Kifaru na mkewe Bi Kiboko walifuga kasuku. Jina lake Mapepe. Walimfuga kwa sababu hawakujaliwa mtoto, na nyumba ya wanene wawili ikikosa kelele huwa kama ghala.

Mapepe kelele alikuwa nazo. Aliiga mlango, kiiii. Aliiga kikohozi cha Bwana Kifaru, hata Bi Kiboko akawa anampelekea dawa mtu asiyeumwa. Kitu kimoja tu kilimshinda: kukatwa kucha.

Ilianza siku Bwana Kifaru alipomkata mwenyewe. Mkono wake mzito, mkasi wake ule wa kukatia ngozi, na badala ya kukata ncha akafika mpaka kwenye nyama. Damu ikatoka. Tone moja tu, lakini kwa ndege mdogo tone ni ndoo.

Tangu hapo neno lenyewe likawa halitajiki ndani ya nyumba ile. Asubuhi moja Bi Kiboko alifungua dirisha akasema, kama tunavyosema sote, "Jamani, kumekucha." Mapepe akasikia kucha. Akapiga ukelele, akaruka kinyumenyume, akatua chubwi ndani ya sufuria ya uji. Uji ule hakuunywa mtu. Kuanzia siku hiyo Bi Kiboko akawa anasema "jua limetoka," hata siku za mvua.

Lakini kucha hukua hata zisipotajwa. Zilirefuka, zikajipinda kama ndoana, zikauzunguka mti aliokuwa akisimamia. Mapepe akawa hawezi kushika karanga. Ikimtoka mguuni inaanguka, yeye anaitazama tu. Akakonda, kifua kikachongoka. Halafu ukucha mmoja ukanasa kwenye mkeka uliotundikwa ukutani, naye akaning'inia kichwa chini kama shati, akilia, mpaka Bi Kiboko aliporudi kutoka kisimani akamnasua. Mguu ulivimba.

Bwana Kifaru akasema sasa imetosha. Leo hii, wakishakula mchana, atamshika amkate, na akitapatapa atamkalia.

Bi Kiboko akamwambia, "Ukimkalia wewe hatutakuwa na kasuku tena. Tutakuwa na kitambaa cha kufutia meza."

Mzee akaanza kunoa mkasi. Shwaa, shwaa, shwaa. Huko juu Mapepe alikuwa ameyasikia yote, na moyo ulimpiga mpaka manyoya ya kifuani yakawa yanacheza yenyewe.

Sasa, nyuma ya jiwe la kusagia aliishi panya mmoja, Bi Kijino, mama wa watoto wachanga. Watoto wake walikuwa hawapati usingizi kwa vilio vya kasuku. Akatoka, akajipangusa unga masharubuni, akampa Bwana Kifaru shikamoo yake, na alipokwisha kuitikiwa akasema kazi ile aachiwe yeye.

Bwana Kifaru alicheka mpaka vyungu vikagongana. Akamwambia panya mzima mzima hafikii hata ukucha mmoja wa kifaru kwa ukubwa.

"Kweli, mzee wangu," akasema Bi Kijino. "Lakini huyu ni kasuku. Kasuku hafanyi kitu mpaka akione kwa mtu. Akikuona wewe baba yake umelala kimya unakatwa, naye ataiga."

Mkasi ukaacha kunolewa.

"Mimi?"

"Wewe. Au mzee unaogopa?"

Bi Kiboko akageuka taratibu. "Mbona umenyamaza, mume wangu?"

Akawa hana pa kupitia. Alijilaza mkekani, akaomba afunikwe macho kwa kanga, akisema ni kwa sababu ya mwanga. Mkasi ukawekwa kando ya mguu wake. Bi Kiboko akaketi upande wa kichwa chake ili amshike mkono.

Bi Kijino naye akapanda juu kwa Mapepe, akamkuta ametoa macho, mdomo wazi.

"Mkasi uko wapi?" Mapepe akanong'ona.

"Ule pale, kwa mzee. Usiuondolee macho. Ukiuona tu umesogea, ruka uende zako. Mimi sikuja na kitu, nitazame mikono." Kisha akamsogelea sikioni. "Nimekuja kukuomba msaada. Mzee yule anaogopa kuliko wewe. Nikimkata kweli atabomoa nyumba, na mimi nina watoto. Waweza kuuiga mlio wa mkasi?"

Mapepe hakuwahi kuliwazia hilo. Mlio ule alikuwa anaujua kuliko mlio wowote duniani, aliuota, lakini haukuwahi kupita kinywani mwake. Akajaribu.

Kach.

"Yalaa, taratibu!" Bwana Kifaru akajitupa, nyumba ikatikisika.

Na hakuna aliyemgusa. Mapepe alimtazama yule mzee mkubwa akitetemeka chini ya kanga, na kitu fulani kikalegea ndani yake.

"Umeona?" akasema Bi Kijino. "Basi mimi nitakaa hapa miguuni pako. Nikikubonyeza kidole, wewe toa mlio. Macho kwenye mkasi."

Akainama. Mapepe akahisi pumzi ya joto kidoleni, fuu, ikipulizwa polepole, tamu kama jua la asubuhi. Halafu akabonyezwa. Kach. Mzee akaguna. Fuu. Kach. Mzee akamwomba mkewe maji. Fuu. Kach. Mapepe sasa alikuwa anabana kicheko, na mkasi ulikuwa palepale, haujasogea hata unywele. Mara moja moja alihisi kama mtu anavuta uzi kwenye nguo, basi, lakini nafasi ya kuuliza hakuwa nayo. Bwana Kifaru alikuwa anamwachia mkewe wosia. Alimwambia jembe liko nyuma ya choo, na kwamba kama hatapona, wasimwambie mama yake kuwa alilia.

"Tumemaliza," akasema Bi Kijino.

Bwana Kifaru akaondoa kanga, akakohoa kiume, akasema hata haikuuma. Kisha akautazama mguu wake. Kucha zote zilikuwepo, na tope lake.

Mapepe alicheka mpaka akaanguka. Na hapo ndipo aliposhtuka, wajukuu wangu, kwa kuwa ulikuwa umepita muda mrefu hajauachia mti bila kwanza kujinasua ukucha mmoja mmoja. Akapiga mabawa, akatua chini wepesi. Mbele yake, mkekani, palikuwa na vipande vyeusi vilivyopinda kama vijimwezi.

"Za nani hizi?"

Bi Kijino alikuwa anajichokonoa meno. "Zako, mwanangu. Mkasi ulisogea?"

Mapepe akatazama miguu yake. Akafungua mdomo ili alie, akayatafuta maumivu kidole kwa kidole ili ajue aanzie wapi, asiyaone. Akakaa hivyo hivyo, mdomo wazi. Mwisho akaomba karanga.

Bi Kiboko akampa. Akaishika, ikashikika. Akaila pale pale, na mama wa watu akawa anafuta machozi kwa ile kanga ya mumewe, huku akimjazia Bi Kijino bakuli la unga. Bwana Kifaru alichoomba ni kimoja tu, ile habari ya jembe isitoke nje.

Siku hiyo watoto wa panya walilala fofofo.

Kulipopambazuka Bi Kiboko akafungua dirisha, na kwa raha aliyokuwa nayo akajisahau. "Jamani, kumekucha."

Akajiziba mdomo. Bwana Kifaru akaikumbatia sufuria ya uji kuiokoa.

Mapepe alinyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili. "Jamani, kumekucha," akasema, kwa sauti ile ile ya Bi Kiboko. Kisha akatazama chini, miguuni kwa mzee.

Kach.

Bwana Kifaru akaruka, na uji wa siku ile nao hakuunywa mtu.

Woga, wajukuu wangu, ukipewa kazi ya kufanya husahau kuogopa.