Nyumba ya Bibi Kobe Yapigwa Mhuri

Zamani za kale hapo, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifagia nyua na kualikana chai kama sisi, aliishi Digidigi. Miguu yake vijiti, kichwa chake ngumi ya mtoto, lakini akili! Acheni tu. Mama yake alipokufa alilelewa na Bibi Kobe, na hakumpenda mtu duniani kama bibi huyo.

Siku moja tawi la mkuyu lilikatika, likamwangukia Bibi Kobe mgongoni. Kwaa! Gamba likapasuka. Tangu hapo kila mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, bibi anakohoa kutwa kucha. Na masika yalikuwa yamebakiza wiki moja tu kuanza. Digidigi alijua kabisa kwamba bila matibabu bibi hatauona mwisho wa masika hayo.

Basi wakaenda Zahanati ya Msitu. Mlangoni alikaa Kifaru, karani mkuu, na mhuri wake mkubwa kama kinu.

"Kanuni ni moja," alisema Kifaru. "Asiye na mali anatibiwa bure na kutunzwa. Mwenye mali ajitegemee. Bibi, una nini?"

"Sina shamba, sina ghala," alijibu Bibi Kobe, shingo juu.

Kifaru akamzunguka, ti! ti! ti! "Unalala wapi?"

"Humu mgongoni mwangu."

"Mvua ikinyesha?"

"Naingia humuhumu."

"Ahaa! Ina paa, ina mlango. Hiyo ni nyumba! Wewe ni mwenye nyumba, bibi. Anayefuata!"

"Mwanangu, twende zetu," Bibi Kobe alimwambia Digidigi. "Mawe ya msingi wa zahanati hii niliyabeba mimi, kwa mgongo huu huu. Sikuja kumlamba mtu miguu."

Digidigi akajisikia fahari, fahari kubwa ya kuwa mtoto wa bibi huyu. Hakuondoka ng'o.

"Shikamoo, mzee Kifaru," alisema kwa sauti ya asali. "Je, mwenye nyumba akiikabidhi kwa zahanati?"

Masikio ya Kifaru yakasimama. Siku nyingi alikuwa akitamani chumba cha kuwekea mafaili yake.

"Akiikabidhi hana mali tena. Atatibiwa."

"Na kitu kikishapigwa mhuri wako?"

"Ni mali ya zahanati! Hakitoki uani humu, hata kiwe kijiko. Wala mali ya zahanati haikai mbovu. Kanuni hizi nimezitunga mwenyewe!" Akajipiga kifua, du!

"Basi ipige mhuri nyumba ya bibi, mzee wangu."

Pa! Mhuri ukatua katikati ya gamba.

"Haya, bibi, hama," akasema Kifaru.

"Nihamie wapi, na vipi?"

Kifaru akavuta. Akasukuma. Wapi! Akaliinua gamba juu, na Bibi Kobe akainuka nalo, miguu minne inapepea hewani. Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyani alicheka hadi akakaa chini.

"Taratibu, mzee! Unaharibu mali ya zahanati!" akapaza sauti Digidigi. "Tazama, paa lina ufa. Jamani, nyumba ikiwa na ufa anaziba nani, mwenye nyumba au mpangaji?"

"Mwenye nyumba!" foleni ikajibu.

"Mwenyewe nani sasa?"

"Zahanati!"

"Na itatoka uani humu?"

"Haitoki! Ina mhuri!"

"Na bibi ana mali gani?"

"Hanaaa!"

Kifaru akautazama mhuri, akalitazama gamba. Mwishowe akamwita daktari kwa sauti ndogo sana.

"Korongo, lete utomvu wa mgunga. Ziba hiyo... ziba hiyo nyumba yetu."

Masika yakaja, pwaa! pwaa! Bibi Kobe alikaa barazani pa zahanati, mkavu, bakuli la uji mbele yake, mhuri unang'aa mgongoni. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Wageni walipomuuliza, alinyoosha shingo.

"Hapa sikupewa sadaka. Naishi katika zahanati niliyoijenga," alisema. "Na yule mdogo mnayemwona pale, nimemlea mimi."

Digidigi akainama kwa haya, lakini mkia wake ulikuwa ukicheza wenyewe.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na funzo lake ndilo hili: kanuni ya kutunza wagonjwa ikimfukuza mgonjwa, wa kuchekwa ni mkubwa aliyeitunga.