Mseto wa Siwatu

Nimwage, nisimwage?
— Mwaga!
Masikio mnayo?
— Tunayo!
Haya, sogeeni karibu na moto.

Hapo kale palikuwa na mtoto jina lake Siwatu. Mamake alikuwa mtu wa milimani, na huko milimani chakula chao ni choroko. Mama akafa. Baadaye babake, Shomari, akaoa Bi Mashavu, mtu wa bondeni, bingwa wa wali.

Mashavu akapika wali wa nazi. Siwatu akasukuma sahani.

"Sili. Si cha mama."

Wali ukaliwa na paka.

Akapika wali kwa samaki.

"Sili. Si cha mama."

Wali ukaliwa na paka.

Mashavu akatafuta choroko, akazipika vile wapikavyo watu wa milimani. Siwatu akaonja.

"Hiki ni cha mama, na mama hayupo!"

Akalia mpaka sauti ikamkauka. Na choroko je? Mnajua nani alizila.

Basi paka akawa ananenepa, mtoto anakonda. Shingo ya Siwatu ikawa nyembamba kama bua la mtama. Shomari akazunguka uani. Mashavu akaingia jikoni, akajifunika kanga, akalia.

Paka akasema, "Bi Mashavu, usilie. Unapika vizuri, tumbo langu ni shahidi. Lakini marehemu hakuwa akimpikia mtoto tu. Alikuwa akipika naye."

Mashavu akafuta machozi. Akamwita Siwatu.

"Mwanangu, choroko mimi sizijui. Nionyeshe."

Siwatu akasimama mlangoni. Akasimama, akasimama. Kisha akaingia.

"Huanza kwa kuzichagua, kutoa mawe, mama mdogo."

Wakachagua. Wakateleka choroko, zikalainika. Mashavu akatia mchele wake na tui la nazi. Vilipoiva, Siwatu akashika mwiko, akaanza kuseta, kuponda na kuchanganya, akiimba wimbo wa mamake, wa polepole:

"Seta mwanangu, seta, tutakula sote."

Mashavu naye akaupokea kwa wimbo wa bondeni, wenye haraka na makofi. Nyimbo zikagongana. Siwatu akacheka! Kicheko cha kwanza tangu msiba.

Wakaketi. Siwatu akala tonge, akala la pili, akala la tatu.

"Mama mdogo, si wali wako huu. Wala si choroko za mama. Ni nini basi?"

"Tumefanya nini, mwanangu?"

"Tumeseta."

"Basi ni mseto."

Shomari akasikia, akaja kunawa mikono, macho yamemlowa.

Jina likatoka jikoni, likatembea. Ngoma ya milimani ikipigwa na ya bondeni, watu husema, mseto huo! Mavazi, nyimbo, maneno, vya huku na vya kule vikikaa pamoja, mseto!

Na Siwatu hakumsahau mamake. Unaweza kumpenda aliyekuja bila kumwacha aliyekwenda.

Yangu yameishia hapo. Mimi nilichelewa kufika, nikapewa ukoko. Ndiyo maana meno yangu ni machache.