Mali Chini ya Mkia

Palikuwa na sultani wa mji wa Mtengeni, jina lake Badawi, aliyechoka kutoza kodi watu waliouza vitu, akaanza kuwatoza ambao hawajauza. Una kitu nyumbani, watu wanakitamani, bei yake imepanda? Leta theluthi ya kilichopanda. Taslimu, kabla ya Ijumaa. Huna? Kitu chenyewe kinachukuliwa. Sasa mimi nauliza, jamani: mtu anakatwaje theluthi ya fedha ambayo hajaishika? Waziri hakuuliza. Kadhi hakuuliza. Walikuwa na mishahara, hao.

Mjini humo alikuwepo mjane, Mwatime binti Kombo, ulimi wake kama kisu cha kuparia samaki, na mali yake yote duniani ilikuwa ngawa mmoja dume. Ngawa ni yule mnyama wa madoa anayetoa zabadi, yale mafuta mazito yanayotiwa kwenye manukato. Huyatoa, mtanisamehe, chini ya mkia. Kila juma Mwatime alimkwangua kwa kijiko, akauza alichopata, akala. Alimnunua kwa riali tano, na tangu hapo, kwa miaka saba, alilala na swali moja kifuani: akifa huyu, nitakula nini?

Kisha Sultani akaoa. Bibi arusi akasema hapandi kitanda kisichonukia zabadi. Mabibi wote wa mji wakagundua kwamba nao hawapandi. Bei ya ngawa ikaruka juu ya paa, na jina la Mwatime likafika barazani.

Akaitwa, akaja na tundu la ngawa kichwani. Alikuwepo pia Faki, dalali wa soko, kwa sababu kodi ile ilitaka bei itajwe mbele ya dalali. Na soko la Mtengeni lilikuwa na kanuni yake: ukiweka mkono juu ya mali, ukataja bei mbele ya dalali, na mwenyewe akajibu "chukua," umenunua. Hakuna kurudi nyuma. Mwaka uliopita Mbaruku, muuza vitambaa, alijaribu kurudi nyuma. Sultani mwenyewe alimfunga, na alikuwa bado ndani.

"Mwatime," akasema Sultani, "mali yako imenenepa."

"Imenenepa midomoni mwa watu, Seyyid. Tumboni mwangu haijafika."

"Ulimnunua riali tano. Leo ana thamani gani?"

"Sita. Saba akioga."

Baraza zima likacheka, isipokuwa mmoja.

"Mimi naona mia hapo."

"Kutoka kwenye kiti hicho kila kitu ni mia. Shuka umtazame vizuri. Mzee huyu. Amebakiwa na jino moja, na hilo analitumia kwa adabu."

Sultani akashuka, akalizunguka tundu. "Manyoya yanang'aa. Mia na hamsini."

"Mafuta ya nazi hayo. Nimempaka asubuhi."

"Unanidanganya, mwanamke. Mia mbili."

"Unamthamini kwa macho tu, Seyyid? Hata wanunuzi wa kuku hushika. Au unaogopa kunuka?"

Nyuma ya pazia bibi arusi akacheka, kicheko kidogo tu, lakini kilimwingia mumewe kama mwiba. Akalibandika tundu kiganja, paa.

"Nimeshika. Faki, sikia. Huyu ni riali mia tatu, na theluthi ya kilichopanda naitaka leo."

"Chukua," akasema Mwatime.

Sultani akamgeukia.

"Nichukue nini?"

"Ngawa wako. Mkono uko juu ya tundu, bei imetajwa, dalali amesikia, na mwenye mali amejibu."

Sultani akauondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. "Mimi nathamini tu. Sinunui."

"Kwani huwezi kutoa mia tatu kwa huyu?"

"Kwa mnyama wa jino moja? Nina wazimu?"

"Basi hiyo mia tatu ni ya nani, Seyyid? Wewe huitoi, mimi sijaipata, na bado unataka kipande chake. Kama ni bei, nilipe. Kama si bei, ifute pamoja na kodi yake, na Mbaruku afunguliwe, maana na yeye alikuwa anathamini tu."

Sultani akamtazama Faki. Faki akatazama kucha zake.

"Mimi nina watoto, Seyyid," akasema dalali taratibu. "Lakini kwa kanuni ya soko, imeuzwa."

Pazia likatikisika. "Mume wangu," ikatoka sauti ya bibi arusi, "mia tatu uliyoitaja mbele ya watu si kweli? Na mahari yangu uliyoyataja mbele ya watu hao hao je?"

Hapo mtunza hazina akaitwa haraka kuliko siku ya vita.

Fedha ikamwagwa mkekani. Mwatime akatenga theluthi ya faida kwa mkono wake mwenyewe, akamsogezea Sultani. "Kodi yako hiyo, na wala sinuni. Sasa kuna kitu cha kukata. Kwa kilichobaki, nitanunua mbuzi kidogo, minazi kidogo, na chumba cha kupangisha. Mali yangu haikai tena chini ya mkia mmoja."

Ndani ya tundu ngawa akakohoa. Sultani akachuchumaa, uso umembadilika.

"Mwatime, huyu anaumwa?"

"Anakohoa tangu Ramadhani."

"Na akifa kesho, mimi nitafanyaje?"

Mwatime akafunga fedha kwenye pindo la kanga, akakaza fundo.

"Swali hilo, Seyyid, nimelala nalo miaka saba. Leo lala nalo wewe."