Digidigi Amuuliza Nyati Swali

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kusutana barazani kama sisi, chemchemi ilikuwa na bwana wake, naye ni Nyati. Msiniulize nani alimpa. Alijipa. Sheria yake ilikuwa kwamba atakayemfunga bao ndiye atakayepanga nani anywe kwanza. Kwa kuwa hakuna aliyemfunga, yeye na wakubwa wenzake waliingia alfajiri, wakanywa, wakaoga, wakakoroga. Wadogo waliingia jioni, wakachota tope.

Mtoto wa Digidigi aliharisha kwa tope hilo. Mama yake alilichuja kwa kitambaa, akalichemsha, wapi! Mtoto akazidi kukonda.

Basi Digidigi akaenda kutazama hilo bao lenyewe. Nyati alikaa mkekani, na pembeni yake mpambe wake, Ngiri, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka. Siku hiyo aliingia Fungo. Hata kabla hajaketi, Fungo alikwisha kuamkia, kuomba radhi kwa usumbufu na kueleza kwamba amekuja kujifunza tu. Nyati akanguruma, akabwaga kete, ta! Ngiri akacheka, kwe kwe kwe. Fungo akacheza haraka haraka ili aondoke, na kweli akaondoka, amefungwa.

Lakini Digidigi aliona jambo. Nyati naye alikosea, tena kosa la wazi: aliacha shimo zima la kete bila ulinzi. Fungo hakuliona kwa sababu alikuwa anatazama pembe. Digidigi alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Kumbe miaka yote hii walikuwa wakifungwa na mchezaji wa kawaida!

Akachimba mashimo nyuma ya jiko, akaokota komwe ziwe kete, akamwomba mumewe acheze naye huku akigonga masufuria na kumtukana. Mume alikuwa mpole kupita kiasi. Akagonga, ngaa! ngaa! kisha akakohoa.

"Wewe ni mjinga," akasema. "Kidogo tu, mke wangu. Samahani."

"Toa hiyo samahani. Nyati hana samahani."

Wakaendelea hivyo kila siku mpaka mume akawa na mdomo mchafu ajabu, na Digidigi hasikii chochote ila hesabu ya kete kichwani mwake.

Siku ya mchezo kijiji kizima kilifika. Nyati alimuuliza kama amekuja kufagia mkeka. Digidigi akamwamkia, akaketi, akapangusa mchanga kwenye kete zake bila haraka. Nyati akabwaga, ta! Ngiri akacheka mpaka akapaliwa. Digidigi akahesabu kwa macho, akacheza, akala kete za Nyati. Watu wakaguna.

Hapo Nyati akaacha mikogo, akaanza kucheza kweli. Mguu wake ulisambaza kete shimo kwa shimo, chu, chu, chu, bila yeye hata kuutazama. Digidigi akaona akizubaa amekwisha. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Mzee Nyati, huo mguu wako unapendeza. Hebu nisaidie. Ukitaka kunyanyua kete, huwa unahesabu kwanza, au mguu unajua wenyewe pa kuishia?"

Nyati akafurahi, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Akafungua kinywa ajibu. Akagundua hajui.

"Nahesabu," akasema.

"Kuanzia shimo unalonyanyua, au linalofuata?"

Nyati akalitazama bao. Akautazama mguu wake kama umeletwa na mtu mwingine. Midomo ikaanza kumchezacheza. Ngiri akacheka kama kawaida yake.

"Nyamaza wewe, nahesabu!" Nyati akafoka.

Akanyanyua, akasambaza, na kete yake ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Kwenye bao, hiyo huitwa kulala: zamu yako imekwisha. Zamu iliyofuata akahesabu upya, akajitilia shaka, akarudia kuhesabu, akalala tena. Digidigi akala, akala, mpaka safu ya mbele ya Nyati ikabaki mashimo matupu. Bao limefungwa.

Nyati akasimama akidai amerogwa. Ngiri akaamriwa ampekue Digidigi, akatafuta hirizi masikioni na katikati ya kwato, akapata vumbi.

"Umenifanya nini?" Nyati akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimekuuliza tu, mzee. Ukaanza kujiogopa mwenyewe. Sisi tumejiogopa mkekani hapa miaka na miaka. Wewe umeonja leo tu."

Fungo ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Nyati akaona hakuna tena anayetazama pembe zake. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na kijiji kizima kimeshuhudia. Akasema basi, mshindi apange. Digidigi akapanga watoto kwanza, na asioge mtu pale pa kunywea.

Alfajiri akampeleka mwanawe chemchemini. Mtoto akainama anywe, akashtuka, akarudi nyuma. Hakuwahi kuona maji yaliyotulia.

"Mama, kuna mtoto humo ndani."

"Ni wewe huyo," mama yake akasema. "Kunywa."

Nanyi wanangu, mkiitwa mchezoni, msiende mkiwa mmekwisha kujifunga wenyewe njiani.