Kapu Lililoshonwa Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, sogeeni karibu. Hapo zamani za kale, wakati mtama ndio uliokuwa fedha ya watu na gulio likiwa kila siku ya nne, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho aliishi Siwema, msukaji wa mikeka.

Mikono ya Siwema ilikuwa na baraka. Ukili wake, ule utepe wa miyaa ya kusukia mikeka, ulikuwa mwembamba, umenyooka, na mkeka wake haukulala gulioni hata siku moja. Lakini Siwema hakuwa na jembe. Mumewe alipofariki, jembe lilirudi kwa ndugu zake, kama ilivyokuwa desturi. Likabaki shamba. Jumbe wa kijiji akamwita, akamwambia:

"Mwanangu, shamba la marehemu nitakushikia mpaka mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha nawe huna jembe, nitampa shemeji yako Mtoro. Ardhi haikai bure."

Siku hizo jembe halikutajiwa bei. Mhunzi alilisimamisha ndani ya chungu kikubwa, nawe ukamimina mtama wako. Jembe likizikwa lote, lisionekane hata ncha, ni lako. Likichungulia, rudi nyumbani na mtama wako.

Basi Siwema akawa anasuka na kuuza. Mkeka mmoja, kapu moja la mtama. Na chungu cha mhunzi kilimeza makapu mawili na nusu. Jambo jepesi! Lakini, ajabu, kapu lilitoka gulioni limejaa, likafika nyumbani limenywea. Gulio hili hivyo. Gulio lile hivyo. Kapuni zilibaki konzi mbili, konzi tatu za mkono, chakula cha njiwa.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Magulio yakabaki matatu kabla ya mvua. Siwema akajipiga kifua: "Naibiwa mimi!" Akajifunga kaniki kiunoni, akashika njia ya kwa jumbe.

Njiani ilikuwapo nyumba ya Bibi Nyamvula. Huyo ndiye aliyewafundisha wanawake wote wa kijiji kusuka, na mama zao kabla yao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukikosea ukili hakukugombeza. Aliufumua taratibu, akakurudishia mkononi. Wazee wa namna hiyo walikuwapo.

"Mbio za wapi, mjukuu wangu, kama kuku aliyeona mwewe?"

"Shikamoo, bibi. Nakwenda kwa jumbe. Mtoro ananiibia mtama."

"Marahaba. Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini nani mwingine anayelitamani shamba langu?"

Bibi Nyamvula akaendelea kulowesha miyaa yake. Kisha akasema, "Ukimwita mtu mwizi mbele ya jumbe, jina hilo haling'oki hata ukilisugua kwa majivu. Nipe gulio moja. Huyo mwizi tutamkamata wewe na mimi."

Siku ya gulio wakaenda pamoja. Siwema akauza mkeka, kapu likajaa. Bibi Nyamvula akatoa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, akalishona kapu mdomo. Chwa! Chwa! Chwa! Mishono saba. Wengine husimulia kuwa ilikuwa tisa. Sisi tulipokea saba.

"Sasa, mwizi akitaka mtama, sharti afumue," akasema. "Na wewe ukitaka kutoa, fumua. Ukishatoa, shona. Usinyanyue mguu kapu likiwa wazi."

"Bibi! Watu watanicheka!"

"Watacheka, kisha watachoka."

Wakaondoka. Hawajafika mbali, harufu ya vitumbua ikawapokea. Siwema akaketi chini. Fumua, fumua. Akachota konzi moja, akanunua kitumbua. Akala. Chwa! Chwa! Akashona. Wakainuka.

Mbele kidogo, muuza tumbaku. "Siwema wa mikeka! Leo hunipitii?" Siwema hakuvuta tumbaku, lakini aliinunua kila gulio kwa ajili ya wageni. Akaketi. Fumua, fumua. Akachota konzi. Chwa! Chwa! Akashona.

"Wageni wangapi wamekuja mwezi huu?" akauliza Bibi Nyamvula.

Siwema akafikiri. "Hakuna, bibi."

Mbele tena, shanga nyekundu. Kila mwanamke alisimama hapo, na yeye akasimama. Fumua, fumua. Chwa! Chwa! Vidole vikaanza kumuuma. Watoto wakamzunguka wakipiga makofi.

Mwisho wa gulio alikaa muuza togwa. Siwema akaketi, akafumua mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono ukasimama.

"Shoga, unafumua au unashona?" muuza togwa akamtania.

"Hata sijui, dada."

"Una kiu?"

"Sina. Nimekunywa kisimani sasa hivi."

"Basi umekaa hapa kufanya nini?"

Waliokuwapo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Siwema hakucheka. Aliitazama ile mishono mitatu, akakitazama kidole chake chenye alama ya shazia. Tangu asubuhi kapu lilikuwa limefunguliwa mara tatu, na mara zote kwa mkono huo mmoja. Akashona, akainuka, akamfuata bibi.

Njiani wakakutana na Mtoro.

"Ala! Shemeji, leo umemfungia kuku humo?"

"Nimemfungia mwizi," akajibu Siwema, macho chini.

Mtoro akacheka, asijue lolote, akawapisha njia. Na safari ya kwa jumbe haikutajwa tena.

Gulio la pili Siwema alilishona kapu mwenyewe. Alimpita muuza tumbaku. Alizipita shanga. Lakini penye vitumbua akaketi.

"Hapo unafumua?" akauliza Bibi Nyamvula.

"Nafumua, bibi. Hiki nakitaka kweli."

"Basi ukile polepole, ukijue ladha yake."

Akakila polepole. Akasema baadaye kwamba miaka yote alikuwa akila vitumbua vile, na siku hiyo ndiyo kwanza alionja iliki iliyokuwa ndani.

Gulio la tatu mawingu yalikuwa meusi, yameinama. Siwema akauza mkeka wake, akauchanganya mtama wa magulio yote matatu, akaenda mbio kwa mhunzi. Akamimina. Shwaaa! Mkia wa chuma unaoingia mpinini ukazama, mabega ya jembe yakazama, ncha ikazama.

"Bado," akasema mhunzi. Akakitikisa chungu, tik, tik, tik. Mtama ukashuka. Ncha ikachungulia.

Siwema akatia mkono kapuni. Konzi moja. Akamimina. Mhunzi akatikisa, tik, tik. Ncha ikachungulia tena, ndogo kama ukucha wa mtoto. Mbali ngurumo ikasikika.

"Mama, urudi gulio lijalo."

"Subiri, baba."

Akaligeuza kapu, akalikung'uta. Pa! Akalikung'uta tena. Pa! Akapekua kwenye pindo za ukili kwa kucha, akatoa punje zilizojificha, akazidondosha moja moja juu ya ile ncha.

Mhunzi akatikisa. Akainama, akatazama.

"Limezikwa," akasema. "Chukua mali yako."

Mvua ya kwanza ilimkuta Siwema njiani, jembe begani, kapu mkononi likiwa tupu kabisa. Tupu kama lilivyokuwa siku zote. Ila siku hiyo alijua kila punje ilikokwenda.

Bibi Nyamvula alikwishaondoka duniani zamani, na gulio lile limeota nyasi. Alichotufunza ni hiki: mkono huwa mwepesi kutoa kabla moyo haujaulizwa. Uulize moyo kwanza. Ukisema ndiyo, toa kwa furaha. Ukinyamaza, pita.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyo njema tugawane, iliyo mbaya niachieni mwenyewe.