Fanusi ya Fundi Mwinjuma

Hapo zamani, zamani za kibatari na karabai, palikuwa na mtaa mmoja mjini Tanga, unaitwa Mkunguni. Desturi yao ni hii: mwezi wa Idi ukiandama, kila nyumba inaangika taa mlangoni, siku tatu mfululizo. Na taa ya mwisho kuangikwa ni fanusi ya Mwinjuma, fundi bati. Aliitengeneza mwenyewe, akaitoboa vitundu kwa msumari. Ikiwashwa, ukuta mzima unajaa nyota. Mpaka fanusi ile iwake ndipo watu wapeane mkono wa Idi. Msiniulize kama ilikuwa nzuri, nimeshawaambia.

Mwaka mmoja, katikati ya Ramadhani, Mwinjuma akafariki. Akamwacha mkewe, Mwanakombo, na binti yao mdogo, Mize. Idi ikamkuta Mwanakombo anakaa eda, hatoki nje, na dirisha la chumba chake linatazama uchochoroni. Na Mkunguni, nyumba yenye msiba haiwashi taa.

Mwezi ukaandama, watoto wakamiminika njiani. Mize akabaki kizingitini kwao, kwenye giza. Akauliza, "Mama, kwani na Idi nayo imekufa?" 

Bi Mwantumu, jirani wa ubavuni, akayasikia. Mama huyu kwa kupenda taa, hata kuku wake angewavisha. Lakini siku ile alizishusha zote, wanawe wakanuna wee, akaenda kuketi na mfiwa gizani. Alimshika mkono tu, na Mwanakombo akapata usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.

Siku ya pili akaja Shaali, rafiki wa marehemu. Hakubisha hodi wala hakuomba ruhusa. Akapanga vibatari pale kizingitini kwa Mize. Watu wakamkemea, "Msiba hauwashiwi taa, Shaali. Huna haya?" Yeye akaendelea kuwasha. Mize akacheka, mara ya kwanza tangu baba yake azikwe. Kule ndani mama yake akalia mpaka kanga ikaloa. Mnaguna? Ngojeni kwanza, bado mmoja.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Mzee Hiza. Huyu kila Idi alishindana na Mwinjuma kwa taa, wakitaniana mpaka wageni wakidhani wanagombana. Akazitoa taa zake zote mlangoni, akaziangika ukuta wa nyuma, uchochoroni, mahali asipopita mtu. Mtaa ukamcheka: mzee kawawashia paka. Lakini ukuta ule ndio uliokabili dirisha la Mwanakombo, na Mwanakombo alisimama pale dirishani mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Eda ikaisha. Kaka zake Mwanakombo wakaja kumchukua kumrudisha kwao Pangani. Fanusi haiwezi kwenda naye, maana marehemu alikuwa akisema, "Hii ikitoka Mkunguni ni kopo tu." Ni lazima abaki nayo mtu. Mwanakombo akawaita wale watatu.

Bi Mwantumu akasema, "Mwanangu, hawa walikuletea mwanga. Mimi nilikufuata gizani ulimokuwa, nikakaa nawe humo."

Shaali akasema, "Shemeji, nilikuliza, najua, na nakuomba radhi. Lakini Mwinjuma aliitengeneza fanusi hii watoto wafurahi. Na mwanawe ndiye niliyemkuta kizingitini, peke yake."

Mzee Hiza akajikohoza. "Mie nilifikiri hivi: umekatazwa kutoka, hukukatazwa kutazama. Basi. Na yule bwana nimemkosa, mwanangu. Sina tena wa kumtania kwamba taa zake zimelala."

Mwanakombo akaikumbatia fanusi, machozi yanamtoka. "Nikimpa mmoja, wawili watadhani hawakunifaa. Na wallahi wote mlinifaa."

Nje kaka zake wanaita, mizigo imeshapakiwa. Mize akamvuta mama yake kanga, akamwuliza taratibu, "Mama, baba angempa nani?"

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Kila nikiisimulia naondoka na jibu jingine, na mume wangu hunicheka. Haya, nyie mnaojua kusema, nyie mnaoishi na majirani na mliokwisha kufiwa: mtoto anangoja kujibiwa. Fanusi ya baba yake iangikwe mlango wa nani?